Nani Avae Dirii ya Mulan

Waigizaji wenzangu, waongozaji, nanyi mnaoandika miswada usiku baada ya kutoka kwenye kazi za mchana, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa waigizaji. Ni mada pana, na ningeweza kupita juu juu nikagusa kila kitu. Nimeona heri nichukue kisa kimoja tu, kile cha binti wa Kichina anayejivika uanaume na kwenda vitani badala ya baba yake. Mulan. Nimemchagua kwa sababu ameigizwa na watu wa kila namna kwa muda mrefu sana, hivyo tunaweza kuweka uchaguzi mmoja kando ya mwingine tukaona tofauti.

Wengi wenu mlimjua kupitia katuni ya Disney ya mwaka 1998. Wadogo zenu wamemwona katika filamu ya 2020. Naomba mziweke kando zote mbili kidogo, turudi kwenye shairi.

Shairi lenyewe linatoka China ya kaskazini, zama za utawala wa Wei ya Kaskazini, kati ya karne ya 4 na ya 6, wakati mtawala wa huko aliitwa khan na mipaka haikutulia. Ni fupi, mistari sitini na kidogo. Linaanza na msichana kwenye kitanda cha mfumi, anafuma na kuhema. Ametoka kuona orodha za kuitia askari: hati kumi na mbili, na kila hati ina jina la baba yake. Baba ni mzee. Kaka mkubwa hana. Basi anakwenda sokoni. Soko la mashariki ananunua farasi, la magharibi tandiko, la kusini hatamu, la kaskazini mjeledi mrefu. Anaagana na wazazi alfajiri, na jioni analala kando ya Mto Manjano, hasikii tena mama na baba wakimwita, anasikia maji tu.

Halafu vita vinakuja, na vita vyote vimepewa mistari sita! Safari ndefu, milima inapitwa kama kwa kuruka, baridi ya kaskazini inabeba mlio wa zamu ya usiku, mwanga baridi unamulika dirii, jemadari anakufa baada ya mapigano mia, askari anarudi baada ya miaka kumi. Basi. Khan anataka kumpa uwaziri, yeye anaomba kipando cha kumrudisha kwao. Nyumbani dada yake anajipamba, mdogo wake wa kiume ananoa kisu cha kuchinjia nguruwe na kondoo. Mulan anavua nguo za vita, anavaa zake za zamani, anatengeneza nywele dirishani, kisha anatoka nje kuwaona wenzake waliomsindikiza. Wanapigwa na bumbuwazi. Miaka kumi na miwili, ndivyo shairi linavyohesabu hapa, wametembea pamoja, na hawakujua.

Angalieni kisichomo. Hamna nywele zinazokatwa kwa upanga. Wanaume wa huko nao walifuga nywele. Hamna mganga anayemfunua akiwa majeruhi. Hamna penzi na kapteni. Shairi halisemi hata neno moja alijificha namna gani. Linasema tu kwamba alifaulu, miaka yote hiyo, mbele ya watu waliokula naye na kulala naye kambi moja.

Hoja yangu ya leo imesimama juu ya mistari hiyo. Anayechagua mwigizaji wa Mulan ana swali moja la kujibu kabla ya yote: huyu dada nikimweka kambini kati ya wanaume, nitaamini kwamba hawakumjua? Waliomchagua Mulan mara nyingi walikuwa wanajibu maswali mengine. Nani ana sura ya kuuza tiketi. Nani atakuwa bendera ya taifa. Nani anajua Kiingereza. Hayo yana uzito wake, sikatai, lakini swali la kambi limekuwa likiachwa mwisho, au halikuulizwa kabisa.

Jukwaa lilikuwa na jibu lake. Katika karne ya 16 mwandishi Xu Wei alimtungia Mulan tamthilia, na yeye ndiye aliyempa jina la ukoo la Hua ambalo wengi wanalitumia hadi leo. Enzi zake wasichana wa familia zenye hadhi walifungwa miguu ibaki midogo. Kwa hiyo Mulan wa Xu Wei, kabla ya kuvaa viatu vya askari, inabidi kwanza afungue miguu yake, na anahangaika itakuwaje akirudi. Msichana wa lile shairi la zamani hakuwa na shida hiyo. Kila kizazi kinautwisha mwili wa Mulan hofu yake chenyewe, na mwigizaji ndiye anayeibeba.

Miaka ya 1910 Mulan aliigizwa na Mei Lanfang, bingwa wa opera ya Beijing, na Mei Lanfang alikuwa mwanamume. Katika opera ile wanaume waliigiza wanawake kwa ustadi uliofunzwa tangu utotoni. Basi mwanamume anaigiza mwanamke anayejifanya mwanamume. Watazamaji wote walijua, na hawakuja kudanganywa. Walikuja kuona anavyovuka: sauti ya binti ikigeuka sauti ya kijana, hatua fupi zikigeuka hatua pana, mkono uliokuwa laini ukishika mkuki. Sanaa ilikuwa katika kuvuka kwenyewe. Mliokulia kwenye vibanda umiza mnaijua raha hiyo. Katika picha za zamani za Hong Kong msichana anavaa kofia ya kiume, wote ndani ya filamu wanamwita bwana mdogo, na kibanda kizima kinajua ni msichana, lakini hakuna anayeinuka kudai fedha yake irudishwe.

Kamera ikaja kuvunja mapatano hayo. Ikisogea usoni, uso unakuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba, na kila kope linaonekana. Watengenezaji nao walitaka uso huo upendwe. Hapo ndipo Mulan wa sinema alipoanza kupata shida, kwa sababu uso uliopambwa ili upendwe na ukumbi mzima hauwezi wakati huohuo kupita kambini bila kutambuliwa.

Hata hivyo mwanzo haukuwa mbaya. Mwaka 1928, bado sinema haina sauti, kampuni moja ya Shanghai ilimpa nafasi hiyo msichana aitwaye Li Dandan, mzaliwa wa 1912. Alikuwa tineja, na nyota tayari. Baadaye aliacha filamu, akaenda Ulaya, akajifunza urubani Geneva na kupata leseni yake mwaka 1934. Mwaka uliofuata alikuwa California akiendelea na mafunzo, akachomoka kwenye ndege juu ya ghuba ya San Francisco, akaokolewa na mwavuli wake. Vita vya China na Japani vilipowaka alirusha ndege katika nchi za Marekani ya Kaskazini na ya Kusini akichangisha fedha za kuwasaidia wakimbizi wa kwao. Namtaja kwa sababu nina imani kuhusu jambo hili: kuna kitu mwilini mwa mtu ambacho usaili mzuri unakiona kabla mwenyewe hajakijua. Ukakamavu hauigizwi kwa muda mrefu. Ama upo, ama kamera itakutoa.

Mwaka 1939 ndipo Mulan alipobebeshwa taifa. Shanghai ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Japani, imebaki mitaa ya wageni tu ambayo haijaguswa, na ndani ya mitaa hiyo ikatengenezwa filamu ya Mulan. Wakamleta Chen Yunshang kutoka Hong Kong, binti wa miaka ishirini aliyekuwa akiigiza filamu za Kikantoni. Ilionyeshwa siku 85 mfululizo. Watu hawakuhitaji maelezo. Waliona msichana anawafukuza wavamizi na walijua wavamizi ni nani. Chen alikuwa na sura ya msichana wa mjini wa wakati ule, mcheshi, mwepesi, na hicho ndicho kilichotakiwa: kila binti aliyekaa ukumbini ajione. Lakini nakala ilipofika Chongqing, makao ya serikali wakati wa vita, mwaka 1940 umati uliingia ukumbini ukaitoa na kuichoma moto, kwa shutuma kwamba waliobaki Shanghai wanashirikiana na adui. Filamu ileile, binti yuleyule. Mji mmoja shujaa, mji mwingine msaliti.

Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu lilirudi. Mwaka 2016, Disney ilipokuwa inaandaa Mulan wa watu halisi, zaidi ya watu laki moja walitia saini wakidai kwamba nafasi hiyo isipewe mzungu. Walikuwa na haki kabisa, maana Hollywood imewapaka rangi wazungu na kuwapa nafasi za Waasia tangu ilipoanza. Msako ukafanyika katika mabara matano, ikatangazwa kwamba karibu waigizaji elfu moja walitazamwa. Walitaka mtu anayeweza mapigano, anayezungumza Kiingereza vizuri, na mwenye mvuto wa nyota. Wakamchukua Liu Yifei, mzaliwa wa Wuhan, aliyeishi New York utotoni na mwenye uraia wa Marekani. Agosti 2019, maandamano yakiendelea Hong Kong, yeye akaandika mtandaoni kuwaunga mkono polisi, na papo hapo ukazuka wito wa kuisusia filamu.

Mimi naamini aliyekasirika alikuwa na sababu ya kukasirika. Ninachowaambia ninyi ni hiki: ukichagua mwigizaji kwanza awe bendera, usishangae bendera ikipeperushwa upande usioutaka. Na wakati wote mnapobishana juu ya bendera, hakuna anayeuliza kama kambini wangemjua.

Wangemjua! Nasema hivyo kwa heshima, kwa maana Liu alifanya kazi. Anakaa vizuri juu ya farasi na upanga unamtii. Lakini filamu inamwangaza kama bibi harusi hata akiwa na vumbi. Zaidi ya hapo, muswada umempa nguvu ya ajabu tangu utotoni, hivyo hana haja ya kujifunza uaskari siku baada ya siku. Ile miaka kumi na miwili imepotea. Kwangu miaka hiyo ndiyo uhusika wenyewe. Ukiiondoa, umebaki na msichana mrembo katika maleba ya kiume kwa muda mfupi, akisubiri dakika ya kufungua nywele. Waongozaji wanaipenda sana dakika hiyo ya nywele. Upepo unavuma, kofia inaanguka, muziki unapanda. Katika shairi nywele zinatengenezwa nyumbani, chumbani, vita vimekwisha, hakuna adui anayetazama.

Msako mkubwa nao si dawa. Mwongozaji Otto Preminger alipotafuta binti wa kumwigiza Joan wa Arc, yule msichana wa Kifaransa aliyevaa nguo za kiume akaenda vitani, katika filamu yake ya 1957, walijitokeza watu 18,000. Joan hakujificha kuwa ni mwanamke, lakini mavazi yake ya kiume yalikuwa sehemu ya mashtaka yaliyompeleka motoni. Preminger akamchukua Jean Seberg, binti wa Iowa asiyewahi kuigiza filamu, na katika tukio la kuchomwa moto ukamuunguza kweli. Wahakiki wakamrarua. Kwa upande mwingine, mwongozaji Carl Dreyer miaka thelathini nyuma alimchukua Renée Falconetti, mwigizaji wa jukwaani wa miaka 35, kumwigiza Joan wa miaka 19. Akamnyoa nywele, akakataa vipodozi, akaweka kamera usoni na kuiacha hapo. Hakuna aliyeuliza umri.

Na umri ni jambo ninalolishikilia. Tunasema Mulan ni msichana, tunatafuta msichana. Hesabuni wenyewe: akiondoka na miaka kumi na saba au kumi na minane, anarudi karibu na thelathini. Huyo anayemkatalia khan uwaziri ni mtu mzima aliyezika wenzake. Ndiyo maana filamu ya China ya mwaka 2009 ninaiheshimu kuliko ile ya 2020, ingawa haikuwa na fedha kama hizo. Zhao Wei, aliyemwigiza Mulan, alikuwa na miaka 33. Watazamaji wa China walimzoea akiwa binti mtundu na mcheshi wa tamthilia ya televisheni, na pale wakamwona amechoka, amekonda roho, anakunywa pombe kwa huzuni ya rafiki zake waliokufa. Uso wake haukufichwa sana, ungeweza kumtambua. Lakini namna alivyokaa, bega moja chini, macho hayana haraka, ilikuwa ya mtu ambaye wenzake wameacha zamani kumtazama kama kitu kipya. Hivyo ndivyo mtu anavyofichika.

Uchaguzi bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa 1964, studio ya Shaw, Hong Kong: Ling Po. Nitaeleza. Mwaka mmoja nyuma Ling Po alikuwa ameigiza filamu ya opera ya kisa cha wapendanao Liang Shanbo na Zhu Yingtai. Katika kisa hicho Zhu ni msichana anayejivika uanaume ili aende kusoma, na Liang ni kijana anayesoma naye miaka mitatu asijue. Ling Po, mwanamke, aliigiza kijana Liang. Mwanamke aliigiza mwanamume ambaye hakumtambua mwanamke. Filamu ile iliitikisa Taiwan. Wako waliorudi kuitazama mara kumi na zaidi, na Ling Po alipozuru Taipei barabara zilijaa watu. Waamuzi wa tuzo za filamu za Golden Horse za huko Taiwan walishindwa kuamua kama wampe tuzo ya mwigizaji wa kiume au wa kike, wakampa tuzo maalumu.

Sasa mchukue mtu huyo, mpe Mulan. Watazamaji walikuwa wameshamkubali kama mwanamume, tena mwanamume waliyempenda. Alipovaa dirii hawakuhitaji kujilazimisha. Shida ilihamia upande wa pili: itakuwaje akirudi kwenye gauni? Na hiyo ndiyo shida ya kweli ya Mulan, ambayo filamu nyingi hazijafika hata kuigusa. Anaporudi nyumbani na kutoka nje mbele ya wenzake, Ling Po anabeba mambo mawili mwilini kwa pamoja, na huwezi kusema lipi ni maleba. Aliyeigiza jemadari kando yake, Chin Han, baadaye alimwoa, na hilo watu wa Hong Kong walilifurahia sana.

Nikiwageukia ninyi hapa. Mmeniuliza mara nyingi, filamu ya Mekatilili wa Menza ikija, achukuliwe nani. Mekatilili hakujificha kwa nguo za kiume. Aliwaongoza Wagiriama wa pwani ya Kenya kuwapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914 hadharani, kwa ngoma ya kifudu, akafungwa, akapelekwa Kisii mbali kabisa na pwani, akatoroka akarudi kwa miguu. Lakini kosa linalomwinda ni lilelile. Alikuwa mjane, mtu mzima. Kila nikisikia majina yanayopendekezwa ni ya mabinti wa miaka ishirini na mbili wenye wafuasi wengi mtandaoni. Wako akina mama kwenye vikundi vya maigizo vya mitaani wenye sauti na mgongo wa kazi ile, na hakuna aliyewaita kwenye usaili.

Kwa kazi ya binti aliyejificha jeshini, ningefanya usaili hivi. Kwanza nisingeomba picha ya uso. Ningempanga mwombaji kwenye mstari wa vijana kumi na watano, wote nguo za aina moja, migongo kwangu, wabebe mizigo kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, warudi, wabebe tena, saa nzima. Ningetazama jicho langu linakwenda wapi. Likienda kwake dakika za mwanzo halafu likamsahau, huyo namwandika. Kisha ningewapa chakula wale pamoja, kamera imezimwa. Mtu anayejificha anajifunza mapema kula kama wenzake, kucheka baada yao kidogo, kutokuwa wa kwanza kuvua shati wala wa mwisho kulala. Baada ya hapo ndipo ningempa maneno ya kusema, na yasingekuwa ya vitani. Yangekuwa ya kumkatalia mkubwa cheo, kwa adabu, bila kupandisha sauti.

Upanga atafundishwa. Farasi atafundishwa. Mwalimu mzuri na miezi kadhaa vinatosha, na pale pasipowezekana yupo wa kumwakilisha kwa mgongo.

Kuna jambo moja ambalo watayarishaji hulisahau, na mkinipa nafasi ya kudai kitu kimoja tu kwenye bajeti, nitadai hili. Wale askari wenzake. Kwa kawaida wanaokotwa siku ya mwisho: mmoja mnene wa kuchekesha, mmoja mrefu, mmoja mkali, na wengine wa kujaza fremu. Lakini uongo wa Mulan unaishi machoni mwao. Yeye hawezi kuigiza kutojulikana. Hilo linaigizwa na wao, kwa namna wanavyomkanyaga bila kuomba radhi, wanavyomwomba maji, wanavyolala wamempa mgongo. Na siku mlango wa nyumba ile unapofunguliwa, kamera haina haja ya kubaki kwa binti mwenye gauni. Ukumbi umeshamwona. Igeuzeni kwa wale wanaume wa makamo waliosimama uani na farasi wao, mmoja mmoja, wakirudi nyuma kimawazo katika miaka kumi na miwili. Kwa dakika hiyo unahitaji waigizaji wa kweli, wenye umri, na ujira wao ulipwe kikamilifu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali nayakaribisha, na nitaanza na akina dada waliokaa nyuma.